"Hakuna Matokeo": Maktaba ya Doha, Kisanduku cha Kutafutia na Historia ya Waswahili

Leo tunaelekea Doha, mji mkuu wa Qatar, ingawa kwa safari hii hatutahitaji viza wala tiketi ya ndege. Tutazungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, nalo ni namna programu inavyoweza kuisoma fomu ya kutafutia iliyomo katika tovuti, kisha ikajiundia yenyewe anwani za kuulizia. Hata hivyo, tutaona kwamba jambo hilo linamgusa pia mwalimu wa historia wa Mombasa, mwanafunzi wa Zanzibar, na kila mwenye asili ya Afrika Mashariki aishiye katika nchi za Ghuba ambaye siku moja amejiuliza: wazee wetu waliovushwa bahari, majina yao yameandikwa wapi?

Tuanze na maktaba yenyewe. Mwezi Oktoba mwaka 2014 ilizinduliwa katika mtandao wa intaneti Maktaba ya Dijitali ya Qatar. Maktaba hiyo ni tunda la ushirikiano wa Wakfu wa Qatar, Maktaba ya Taifa ya Qatar na Maktaba ya Uingereza iliyoko London. Ilipofunguliwa ilikuwa na kurasa zipatazo nusu milioni zilizopigwa picha, na tangu wakati huo idadi hiyo imepindukia milioni moja. Zimo barua za serikali, ramani, picha, na miswada ya Kiarabu ya elimu za kale kama vile tiba, hisabati na falaki. Zote husomwa bila malipo, na msomaji aweza kuchagua kuitumia tovuti hiyo kwa Kiingereza au kwa Kiarabu.

Huenda msikilizaji akauliza: Waswahili wana nini na maktaba ya Doha? Jibu ni kwamba wanacho kikubwa. Sehemu kubwa ya hazina hiyo inatokana na Nyaraka za Ofisi ya India, yaani kumbukumbu za maofisa wa Kiingereza waliosimamia mambo ya Ghuba kutoka Bushire, mji wa pwani ya Iran, pamoja na ofisi zao ndogo za Muscat, Bahrain na Kuwait. Na kama mjuavyo, Muscat na Zanzibar zilikuwa chini ya mtawala mmoja, Sayyid Said bin Sultan, hadi alipofariki dunia mwaka 1856. Mwaka 1861 dola yake iligawanywa rasmi kwa uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Maofisa nao walihama kutoka pwani moja kwenda nyingine. Lewis Pelly, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar mwaka 1861 na 1862, ndiye aliyepelekwa baadaye Bushire, na ndiye aliyefanya makubaliano ya mwaka 1868 na Sheikh Mohammed bin Thani wa Qatar. Kwa hiyo habari za Zanzibar na habari za Doha zilipitia mikononi mwa watu walewale, na mara nyingine zikawekwa katika majalada yaleyale.

Lakini ziko kumbukumbu nyingine zenye uzito mkubwa zaidi kuliko barua za mabalozi. Miongoni mwa majalada hayo yamo yale ya watu waliokuwa watumwa katika Ghuba, waliokwenda katika ofisi za Waingereza kuomba hati za kuachwa huru. Karani aliandika jina la mwombaji, umri wake wa kukadiria, mahali alipozaliwa, na namna alivyofika Ghuba. Wengi wao walikuwa wazamiaji wa lulu. Baadhi walieleza kwamba walizaliwa Afrika Mashariki, au kwamba wazazi wao ndio waliotoka huko. Nchini Qatar kwenyewe utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1952, na tangu mwaka 2015 mji wa Doha una makumbusho ya historia hiyo, nayo ni Nyumba ya Bin Jelmood katika mtaa wa Msheireb. Kwa mtu ambaye ukoo wake haukuacha wosia wala kaburi linalojulikana, sentensi chache zilizoandikwa na karani huyo huenda zikawa ndizo maneno pekee ya babu yake yaliyosalia duniani.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, mchukulieni mtu wa namna hiyo anayefungua tovuti ya maktaba. Anakiona kisanduku kidogo cha kutafutia. Anaandika jina moja, anabonyeza, na kompyuta inamjibu: hakuna matokeo. Anavunjika moyo na kuifunga kompyuta, akiamini kwamba mtu wake hayumo. Ilhali jibu lile halikusema kwamba mtu huyo hayumo. Lilisema tu kwamba mfuatano ule wa herufi, kama ulivyoandikwa siku ile, haukuonekana katika orodha ya maneno ambayo kompyuta inayo. Kati ya kauli hizo mbili pana masafa marefu, na ndiyo masafa tunayokusudia kuyapima leo.

Masafa hayo yana sababu zake. Ya kwanza ni kwamba makarani waliandika majina kwa kufuata masikio yao. Mji wa Muscat ulikuwa Muscat kwa huyu na Maskat kwa yule. Qatar iliandikwa pia Katar. Doha mara nyingi ilitajwa kwa jina la Bidda, mji jirani ambao leo ni mtaa ndani ya Doha. Katika vitabu vya zamani pwani yetu iliitwa Zanguebar, na Mombasa ikaongezewa herufi au kupunguziwa. Jina la mtu kama Mubarak laweza kuandikwa kwa namna nne au tano, na yote yakawa ni mtu yuleyule. Sababu ya pili ni kwamba maandishi yanayotafutwa hayakupigwa chapa upya na binadamu. Kompyuta ndiyo iliyozisoma picha za kurasa na kuzigeuza kuwa herufi, na tovuti yenyewe inamtahadharisha msomaji kwamba maandishi hayo huenda yana makosa. Karatasi ikiwa imefifia, herufi ya "c" husomwa "e", na "rn" husomwa "m". Jina likishaharibika namna hiyo, atakayeliandika kwa usahihi ndiye atakayelikosa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme mtafutaji ana namna tatu za kuandika mahali, namna nne za kuandika jina, na anataka kupitia miongo mitano, kuanzia mwaka 1890 hadi mwaka 1939. Tatu mara nne ni kumi na mbili, na kumi na mbili mara tano ni maswali 60. Mwanadamu akikaa kuyaandika moja baada ya jingine, atachoka, ataruka baadhi, atarudia mengine, na jioni hatakumbuka aliuliza nini na hakuuliza nini. Programu haichoki, na hapo ndipo fomu ya kutafutia inapoingia katika mazungumzo yetu.

Fomu katika tovuti ni nini hasa? Lugha ya kuandikia kurasa za tovuti inaitwa HTML, na fomu ziliwekwa katika kiwango rasmi cha lugha hiyo mwezi Novemba mwaka 1995. Tangu hapo, kila kisanduku cha kutafutia kimekuwa mfano wa barua ya maombi yenye nafasi za kujazwa. Msomaji huiona sura yake ya nje, yaani kisanduku na kitufe. Lakini vivinjari vya kompyuta kwa kawaida vinamruhusu mtu kuona pia maandishi ya ndani, yale yaliyoandikwa na mtengenezaji wa ukurasa, na humo fomu inajieleza yenyewe bila kificho. Inasema mambo matatu. Kwanza, barua ipelekwe wapi, na neno linaloonyesha hilo ni "action". Pili, ipelekwe kwa njia gani, na neno lake ni "method". Tatu, kila nafasi ya kujazwa inaitwaje, na neno lake ni "name". Mwenye kuyafahamu mambo hayo matatu ameifahamu fomu nzima.

Tuchukue mfano wa kufundishia, ambao si wa tovuti yoyote iliyopo. Fomu inasema kwamba barua ipelekwe mahali paitwapo "tafuta", njia yake ni ile iitwayo GET, na nafasi zake mbili zinaitwa "neno" na "mwaka". Mtu akiandika Zanzibar katika nafasi ya kwanza na 1861 katika ya pili, kivinjari kitaunda anwani ifuatayo, ambayo wanaofuatilia maandishi haya katika tovuti yetu wanaiona hapa:

https://maktaba.example/tafuta?neno=Zanzibar&mwaka=1861

Tuisome pole pole. Baada ya jina la tovuti kuna mahali pa kupeleka. Kisha inafuata alama ya kuuliza, ambayo inatangaza kwamba mahali pamekwisha na swali limeanza. Halafu jina la nafasi, alama ya kuwa sawasawa, na kilichojazwa. Kisha alama ya "na", ile & ya wafanyabiashara, inayoitenga nafasi moja na nyingine. Hayo ndiyo yote. Aliyekwisha kuielewa anwani hiyo hahitaji tena kukigusa kisanduku. Aweza kuandika Maskat mahali pa Zanzibar, au 1868 mahali pa 1861, na swali jipya likawa tayari. Na analoweza kulifanya mwanadamu kwa mkono, programu aweza kuiagiza ilifanye mara 60 bila kukosea.

Zipo tovuti nyingine ambazo hazitumii alama ya kuuliza, bali hulitia neno linalotafutwa ndani ya njia yenyewe, kati ya mikwaju. Maktaba nyingi huweka pia alama ya lugha katika anwani, na ile ya Qatar hutumia "en" kwa kurasa za Kiingereza. Kwa hiyo mwenye kutaka kuunda anwani asikisie. Njia iliyo bora ni kutafuta mara moja kwa mkono, kwa neno lolote, kisha kuitazama anwani iliyojitokeza juu ya kivinjari, na kuilinganisha na yale yaliyoandikwa ndani ya fomu. Hapo fundi ataona nafasi zipi zina thamani, zipi ziko tupu, na zipi zimefichwa. Ndiyo, wapenzi wasikilizaji, kuna nafasi zilizofichwa, ambazo msomaji hazioni lakini kivinjari huzipeleka pamoja na swali, na programu ikizisahau huenda ikakataliwa. Vilevile, katika orodha ya kuchagua, maneno anayoyaona msomaji si lazima yawe ndiyo yanayopelekwa. Msomaji aweza kuona neno "Ramani", kumbe kinachosafiri ni namba tu.

Kazi ya kuunda anwani yaonekana nyepesi, lakini ina mitego, na mingi inamhusu hasa mtu anayetafuta mambo ya kwetu. Mtego wa kwanza ni wa alama zenye kazi maalumu. Chukueni kampuni ya Smith, Mackenzie & Co., iliyofanya biashara Zanzibar tangu karne ya 19. Ndani ya jina hilo mna alama ileile inayotenganisha nafasi. Programu ikilipeleka jina kama lilivyo, seva itadhani kwamba nafasi ya kwanza imekwisha baada ya Mackenzie, na yaliyobaki itayahesabu kuwa nafasi nyingine isiyoijua. Haitalalamika. Itatafuta nusu ya jina na kuleta majibu ya nusu. Dawa yake ni kuificha alama hiyo kwa kuiandika kwa alama ya asilimia ikifuatwa na tarakimu, yaani %26. Utaratibu huo wa asilimia umewekwa katika kanuni za kimataifa za anwani, ambazo toleo lake la mwezi Januari mwaka 2005 lingali likitumika hadi leo.

Mtego wa pili ni mkwaju. Majalada ya Ofisi ya India yana namba za rejea zilizojaa mikwaju, kwa mfano IOR/R/15/1, ambayo ni alama ya kumbukumbu za ofisi ya Bushire. Katika tovuti ambazo neno linatiwa ndani ya njia, mikwaju hiyo hueleweka kuwa ni milango ya vyumba vingine, na seva hujibu kwamba ukurasa haupo. Yapasa iandikwe %2F. Nafasi tupu kati ya maneno nayo ina adabu zake. Baada ya alama ya kuuliza, fomu huiandika kwa alama ya kujumlisha, lakini ndani ya njia huandikwa %20, na anayechanganya mambo hayo mawili atakuwa akitafuta maneno yenye alama ya kujumlisha katikati.

Mtego wa tatu ni kitone kidogo cha juu, kile tunachokitumia tunapoandika Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wa Zanzibar. Kwa jicho la mwanadamu kitone kilichonyooka na kile kilichopinda ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizojuana. Kile kilichonyooka huandikwa %27, na kile kilichopinda, ambacho programu nyingi za kuandikia hukiweka zenyewe bila kuulizwa, huwa %E2%80%99. Mtu akilinakili neno kutoka katika barua aliyoipiga chapa, huenda akauliza swali tofauti kabisa na lile alilokusudia. Hivyo majina kama Sa'id na Ng'ambo yaulizwe kwa namna zote mbili, na ya tatu bila ya kitone chochote.

Mtego wa nne ni herufi za Kiarabu. Kwa kuwa maktaba ya Doha ina lugha mbili, mtafutaji makini atauliza pia kwa Kiarabu, na Zanzibar kwa Kiarabu ni زنجبار. Neno hilo lina herufi sita. Katika mfumo wa kuandika herufi za lugha zote za dunia uitwao UTF-8, kila moja ya herufi hizo huchukua baiti mbili, na kila baiti huandikwa kwa alama tatu. Herufi sita hizo zinageuka kuwa alama 36, na zinasomeka hivi:

%D8%B2%D9%86%D8%AC%D8%A8%D8%A7%D8%B1

Hakuna mwanadamu anayepaswa kuyaandika hayo kwa mkono. Lugha za programu zina vyombo vya kazi hiyo. Katika Python, kwa mfano, kiko chombo kiitwacho urlencode, ambacho hupewa majina ya nafasi na thamani zake, nacho huziunganisha na kuzificha alama zote zinazohitaji kufichwa. Sharti lake ni moja: kazi hiyo ifanyike mara moja tu. Anwani iliyokwisha kufichwa ikifichwa tena, ile alama ya asilimia yenyewe hugeuzwa kuwa %25, na swali likaharibika bila ya mtu kujua.

Wapenzi wasikilizaji, tumetaja njia iitwayo GET. Iko na ya pili, iitwayo POST, na ni muhimu kuzitofautisha. GET ni njia ya kusoma. Swali zima huonekana katika anwani, na anwani hiyo yaweza kuhifadhiwa, kutumwa kwa rafiki aliyeko Muscat au Toronto, naye akaifungua na kuliona swali lilelile. POST ni njia ya kukabidhi, na yaliyojazwa husafiri ndani ya bahasha, hayaonekani katika anwani. Fomu za kutafutia katika maktaba kwa kawaida hutumia GET, na hiyo ndiyo baraka yake. Lakini Waafrika Mashariki waishio Doha hujaza pia fomu za namna nyingine, zinazodai namba ya pasi, namba ya kitambulisho cha ukaazi, au neno la siri. Hizo si uwanja wa majaribio. Anwani hubaki katika kumbukumbu za kivinjari na za seva, na siri iliyotiwa ndani ya anwani imekwisha kuwa si siri tena. Tunayoyazungumza leo ni ya kuulizia maktaba, na mipaka yake iheshimiwe.

Adabu ya kuuliza ni mlango mwingine. Programu yaweza kupeleka maswali mia kwa sekunde chache, na seva ya maktaba ikalemewa, na msomaji mwingine akakosa huduma. Tangu mwaka 1994 wenye tovuti wamekuwa na desturi ya kuweka faili liitwalo robots.txt, linalozieleza programu mahali zinapokaribishwa na mahali zisipotakiwa, na desturi hiyo ilichapishwa kuwa kanuni mwezi Septemba mwaka 2022. Programu yenye adabu hulisoma faili hilo kwanza, huyaheshimu masharti ya tovuti, hujitambulisha, na hupumzika kati ya swali na swali. Tukirudi kwenye maswali yetu 60, programu ikipumzika sekunde kumi baada ya kila moja, kazi yote itachukua dakika kumi tu. Aliyesubiri miaka mia kumpata babu yake hashindwi kungoja dakika kumi. Haraka haraka haina baraka. Na pale tovuti inapoweka kizuizi cha kuhakikisha kwamba anayeuliza ni binadamu, au inapotoa njia yake rasmi ya programu kuombea habari, jambo la kufanya ni kuutii uamuzi wa mwenye nyumba.

Sasa turejee kwenye maneno yale mawili, "hakuna matokeo", maana hapo ndipo programu inaweza kudanganya zaidi kuliko mwanadamu. Mtu anayetafuta kwa mkono akiletewa ukurasa wa hitilafu huutambua mara moja. Programu isiyoandikwa kwa uangalifu huuhesabu ukurasa huo kuwa jibu lisilo na kitu, ikaandika sifuri, ikaendelea na swali linalofuata. Mwisho wake mtafutaji hupata orodha ya sifuri 60 na kuhitimisha kwamba historia imenyamaza, kumbe ni jina la nafasi moja lililobadilishwa na wenye tovuti wiki iliyopita. Kwa ajili hiyo yafaa kutanguliza maswali mawili ya kupimia. La kwanza liwe la neno ambalo bila shaka limo, kama vile Pelly. Lisipoleta chochote, basi ubovu uko katika programu. La pili liwe la neno la kubuni lisilo na maana katika lugha yoyote. Likileta maelfu ya majibu, basi swali halimfikii anayeulizwa, na seva inaleta orodha yake yote bila kuchuja. Maswali hayo mawili yakijibiwa ipasavyo ndipo yale 60 yapelekwe. Inafaa pia kukumbuka kwamba majibu huja ukurasa kwa ukurasa, na kwamba baadhi ya tovuti huanza kuhesabu kurasa kutoka sifuri. Anayeanza kwenye moja huenda akauruka ukurasa wa kwanza, ambao mara nyingi ndio wenye majibu yaliyo bora.

Faida ya mwisho ya kazi hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Programu inapounda anwani 60, anwani hizo zenyewe ni kumbukumbu. Zikihifadhiwa katika faili pamoja na tarehe na idadi ya majibu, mtafutaji anakuwa na daftari linaloonyesha aliuliza nini, kwa tahajia gani, na aliambiwa nini. Mwalimu wake aweza kulikagua. Ndugu yake aliyeko Tanga aweza kuliendeleza, akaongeza tahajia ya tano ambayo yeye anaijua kwa sababu bibi yake alilitamka jina hivyo. Na baada ya miaka miwili, maktaba itakapokuwa imeongeza kurasa nyingine, maswali yaleyale yaweza kupelekwa tena kwa dakika kumi. Elimu ya tahajia za majina yetu haimo katika seva za Doha wala za London. Imo midomoni mwa wazee wa pwani, na programu bila ya elimu hiyo ni mtumishi hodari asiyejua aulize nini.

Yafaa kutoa tahadhari moja kabla ya kuagana. Jina lililopatikana si uthibitisho wa nasaba. Majina kama Mubarak, Faraj na Almas walipewa watumwa wengi na mabwana zao, na watu kumi tofauti waweza kuwa na jina moja katika jalada moja. Lililopatikana na lifunguliwe, picha ya karatasi yenyewe isomwe kwa macho, na mahali, umri na mwaka vilinganishwe na yale yanayosimuliwa nyumbani. Kompyuta inaleta karatasi mezani, lakini kuzisoma ni kazi ya watu.

Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Msikilizaji mwenye kompyuta na mwenye habari za wazee wake anaweza kuanza na jambo dogo: aandike tahajia zote za jina moja analolijua, afungue maktaba yoyote ya mtandaoni, na aisome anwani inayotokea juu ya kivinjari baada ya kutafuta mara moja. Akiwa hajui kuandika programu, yuko kijana katika mtaa wake anayejua, naye kijana huyo pengine hajui tahajia. Wakikaa pamoja watapata daftari ambalo hakuna mmoja wao angeliweza peke yake.